Nyuki wa Ntambwe

Tharcisse Ntambwe hakujua kupiga gitaa. Nianze na hilo, maana ndilo linaloniuma mpaka leo. Alijua kubana nyuzi mahali patatu tu, na hata hapo vidole vyake vilikuwa vizito kama vya mtu anayesonga bukari. Mpiga gitaa nilikuwa mimi, Gracien Mukalay, solo wa orkestra iliyojaza baa moja ya mtaa wa Manika kila Jumapili mchana. Lakini waulize watu wazima wa Kolwezi habari za ile sauti ya gitaa iliyovuma na kukwaruza mpaka chupa zikatetemeka mezani. Hawatakuambia Mukalay. Watakuambia Ntambwe.

Siku za kazi sote wawili tulikuwa mafundi wa redio sokoni, meza yangu ikigusana na yake, turubai moja juu ya vichwa vyetu. Ningependa kuwaambia kasoro zake. Nimezitafuta miaka mingi na nimepata moja tu: alikoroma akisinzia mezani baada ya chakula. Mengine yote alikuwa mtu wa kusalimia kila mtu, Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele, mume wa Kanku na baba wa Tshiela. Watu kama hao wanachosha sana ukikaa karibu nao.

Alizaliwa hapahapa Kolwezi mwaka wa hamsini na moja, katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, akaichimba mpaka mapafu yakamshinda, akazikwa hapa. Mimi nilizaliwa upande wa Malemba, nikafika Kolwezi kwa treni mwaka wa sabini na mbili na gunia la samaki wakavu. Kwa hiyo kati yetu wawili mgeni nilikuwa mimi. Wakati ule hakuna aliyejali kuhesabu hivyo. Baadaye walihesabu, tena kinyume.

Ntambwe alifanya kazi ya umeme mgodini miaka kumi na mitano. Kazi zilipoanza kupungua akapunguzwa yeye pia, akaja sokoni na mita yake ya kupimia umeme, chuma cha kulehemu, na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo hilo alitunza transista alizozing'oa kwenye redio zilizokufa. Kila moja aliizungushia kikaratasi na kuandika namba kwa penseli. Zangu nilikuwa nazo pia, nyingi kuliko zake, zote zimejazana kwenye mfuko mmoja pamoja na misumari.

Wateja wakaanza kuhama. Si wote, na si siku moja. Mtu alikuja na redio yake, akasimama katikati ya meza zetu mbili, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, kisha mguu wake ukaenda kule. Nilijifunza kuchukia mguu wa mteja. Siku moja nilirudi nyumbani nikakuta redio yetu haipo rafuni.

"Redio eko wapi?" nilimuuliza mke wangu, Valérie.

"Nilipeleka kwa Tata Tshiela."

"Kwa Ntambwe? Mi niko nani humu nyumba?"

"Weye uko fundi, Gracien. Redio ilikuwa kwako semaine tatu, wiki tatu! Yee alitengeneza paka asubuhi moja tu. Kamata, sikia."

Akaitoa chini ya kitenge na kuiwasha. Ilikuwa inaimba vizuri kuliko siku tuliyoinunua. Nilisema sauti imekuwa nyembamba. Valérie alicheka mpaka akakaa chini, na mimi sikula jioni ile.

Mwaka wa tisini Kabemba, solo wa orkestra iliyoshindana na yetu, alikuja kwa Ntambwe na ombi. Alitaka kisanduku cha fazi. Unakichomeka kati ya gitaa na spika, unakikanyaga kwa mguu, na gitaa linaacha kulia kwa sauti safi. Linavuma, na noti moja inanyooka mpaka uchoke wewe mwenyewe. Tulikuwa tumeisikia kwenye sahani za santuri za zamani, basi. Kabemba alikuwa mshindani wangu, asingeniletea mimi kazi kama hiyo, nalijua hilo. Hata hivyo iliniuma kama nimepigwa kofi mbele ya watu.

Ntambwe alichukua kasha la mita mbovu ya umeme, akaweka ndani transista mbili kutoka kwenye kopo lake, na vidude vichache vya kupunguza umeme, vile vyenye michirizi ya rangi, tunavyoviita rezistansi. Kazi ya kulehemu ilimchukua saa moja. Kisha kwa siku mbili alifanya jambo moja tu: alizungusha kijiti kidogo, akatazama mita, akangoja, akasikiliza, akazungusha tena.

"Gracien," aliniita, "nisaidie. Piga kamba moja, mi nisikie."

Gitaa langu lilikuwa palepale mgongoni pa kiti.

"Niko na kazi," nilimjibu. Sikuwa na kazi. Nilikuwa nimeishika redio isiyo na betri, nageuza kitufe. Akamwita Kabemba, Kabemba akaja akapiga kamba moja asubuhi nzima, mpaka Ntambwe akatoa kile kijiti na kulehemu rezistansi moja mahali pake, nami nikasema moyoni kwamba wote wawili ni wajinga.

Jumapili iliyofuata baa yetu ilianza kumwagika watu tukiwa katikati ya wimbo wa tatu. Kutoka ng'ambo ya barabara ilikuja ile sauti. Watu walikuwa wanapiga kelele, "Nyuki! Weka nyuki!" na Kabemba akikanyaga kisanduku walishangilia kama timu yao imefunga goli. Hata mpiga ngoma wetu aliniomba ruhusa aende kusikia kidogo. Alirudi saa moja baadaye, anatokwa jasho, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumpa mimi.

Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: nyuki yule awe wangu. Watu wasikie sauti ile, waulize ni ya nani, nami niseme, yangu.

Nafasi ilikuja. Ntambwe alikwenda kwenye msiba Tenke, na Kabemba akaniletea kisanduku kwa sababu waya mmoja ulikuwa umekatika. Kuulehemu waya ule ilikuwa kazi ya dakika tano. Nilimwambia arudi alasiri. Nilinakili kila kitu nyuma ya pakiti ya sigara: waya gani unakwenda wapi, na rangi za kila rezistansi, moja baada ya nyingine. Kisha nikajenga changu nyumbani, kitu kwa kitu, rangi kwa rangi.

Kilikohoa. Noti ilitoka, ikakwaruza, ikakatika kabla haijafika popote, kama kuku aliyebanwa shingo. Nikabadilisha transista. Ikakohoa namna nyingine. Nilijaribu nane kutoka kwenye mfuko wangu, na nane zote zikanikatalia. Hapo nikapata jibu lililonifaa: Ntambwe ametia makusudi rezistansi ya uongo ili anayeiba asipate kitu. Nililiamini jibu hilo miaka miwili na zaidi, nikiwa nimekaa nusu mita kutoka kwa mtu ambaye ningeweza kumuuliza.

Halafu mambo yote yakaanguka. Mgodi ulikuwa unazimika kidogo kidogo, mishahara ikaja kwa kuchelewa, kisha ikawa haiji. Wanajeshi walipora maduka. Betri moja ya redio ikawa kitu cha kutunza kabatini. Na watu wakubwa wakaanza kutuambia kwamba shida zetu zina kabila, kwamba waliotoka Kasai ndio wamekula kazi zetu, warudi kwao. Kwao wapi, mtu aliyezaliwa Kolwezi? Swali hilo nililijua. Sikuliuliza kwa sauti. Jirani mmoja baada ya mwingine walionekana wanakwenda gare, kituo cha treni, na magodoro kichwani, na nyumba zao zilipata wenyewe wapya siku ileile.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na tatu, Ntambwe hakuja sokoni; redio za wateja wake na kopo lake vilikuwa vimelala mezani. Walikuja vijana saba wenye fimbo. Wa mbele alivaa kofia nyekundu ya sufu, na jua lilikuwa kali. Alisimama mbele yetu, yaani mbele yangu na mbele ya ile meza ya pili, akaigonga kwa fimbo.

"Iyi meza ni ya nani?"

Meza haikuandikwa jina. Iligusana na yangu, chini ya turubai moja. Neno moja tu lingetosha, na wala nisingehitaji ushujaa wowote kulisema. Ningesema "yangu" kama mtu anayejibu swali la kawaida, nao wangepita. Nilikuwa na muda wa kutosha. Niliuona mkono wake ukiikamata fimbo vizuri zaidi, niliona nzi kwenye kofia yake.

"Ni ya Ntambwe," nilisema.

Nilisema kweli tupu.

"Ntambwe wa kule? Kilulu?" Ndivyo walivyowaita, bilulu, wadudu. Hawakungoja jibu. Waliivunja meza, wakabeba redio zilizokuwa nzima, wakakanyaga zilizobaki. Kopo la maziwa lilidondoka, likabingirika mpaka chini ya meza yangu. Nililisukuma kwa mguu ndani zaidi, wasilione.

Nimejiambia mara nyingi kwamba nilikuwa namwokolea vitu vyake. Si hivyo. Nilifurahi. Kwa dakika chache, nimekaa katikati ya vioo vilivyopasuka, nilifurahi kama mtu aliyeondolewa mwiba.

Nyumbani nilifungua vikaratasi. Nikachukua transista mbili, nikazilehemu kwenye kisanduku changu, nikaomba Mungu kwa jambo ambalo hata kuliomba ni aibu. Kikakohoa vilevile, usiku huo na wiki tatu zilizofuata. Namba zake za penseli sikuzielewa. Wakati huo nilikuwa nimeshasikia kwamba Ntambwe na familia yake wako gare, wanangoja treni ya Kasai pamoja na maelfu ya wengine. Treni ile ingeweza kufika wakati wowote. Ikimchukua kabla sijamuuliza maana ya zile namba, nyuki ameondoka naye, na mimi nitakohoa maisha yangu yote.

Basi nilikwenda. Gitaa mgongoni, kisanduku kwenye mfuko, kopo mkononi ili nimwonyeshe namba. Sikubeba unga. Sikubeba hata chumvi. Nilipita katikati ya watu waliolala wiki tatu kwenye changarawe ya reli, akina mama wanaotwanga, watoto wenye surua, na mimi nabeba gitaa kama mtu aliyealikwa harusini.

Niliwakuta chini ya kipande cha plastiki kilichofungwa kwenye behewa bovu. Kanku alikuwa anapuliza mkaa kwenye mbabula. Ntambwe aliinua macho, hakuniangalia mimi kwanza. Aliangalia kopo.

"Mama Tshiela! Kuya uone!" Sauti yake ilipasuka. "Nilikuambia nini? Nilisema Gracien atachunga kopo. Nilisema ao sikusema?"

Kanku alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Aksanti, Tata Mukalay. Batu bote banakamata bitu byetu. Weye paka moja tu njo unaleta."

Kopo lilikuwa limeshatoka mkononi mwangu. Nilitaka kusema kitu kuhusu namba. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hakuna mambo, mama."

Alilifungua na kuanza kuhesabu vikaratasi vyake polepole, kama mtu anayehesabu watoto baada ya mvua kubwa. Viwili vilikuwa vitupu. Alivinyoosha kwa kidole gumba, akavisoma namba, akaangalia mfuko wangu.

"Na kile uko nacho mule ndani?"

Nilikitoa. Ungefanya nini? Alifungua kifuniko, akaziona transista zake mbili, akazijua. Kisha akaona zile rezistansi na akaanza kucheka, cheko la kweli, la kwanza pengine kwa wiki tatu.

"Eh, Gracien! Ulikopia ya Kabemba!"

"Ile ya uongo," nilisema kwa hasira.

"Ya uongo namna gani? Ilikuwa ya kweli, paka kwa transista ya Kabemba tu. Kila transista iko na tabia yake. Huwezi kuipatia kiti ya mwenzake. Unaikalisha yenyewe."

Kukalisha, ndilo neno lake. Chuma chake cha kulehemu na mita hakuwahi kuvilaza sokoni; alikitia chuma ndani ya mbabula, pembeni ya sufuria, kikawa chekundu. Akang'oa ile rezistansi niliyoiabudu miaka miwili, akaweka mahali pake kitufe cha sauti cha redio mbovu, kile kinachozunguka. Akanipa nishike mita kwenye mguu wa transista ya pili.

"Pile, hii betri yako, ni volts neuf, tisa. Tunatafuta katikati, quatre et demi, nne na nusu. Ikizidi, sauti inazibwa. Ikipungua, inakatika. Hapana, usishike transista! Inasikia moto ya mukono."

Kweli, kidole changu kilikuwa kimeigusa, na mshale wa mita ukatembea wenyewe. Niliondoa kidole, mshale ukarudi polepole. Mara zote nilikuwa nalehemu na kujaribu papo hapo, transista ikiwa bado ya moto. Tulingoja ipoe. Kanku alitupa kikombe kimoja cha chai isiyo na sukari, tukanywa kwa zamu, nami nikaona aibu ya kunywa chai yao, nikainywa.

Alizungusha kitufe mpaka mshale ukasimama katikati. Kisha akaunga kisanduku kwenye redio yao ndogo, ile waliyoitumia kusikiliza habari za treni, ili iwe spika.

"Mita iko na mwanzo," alisema. "Mwisho iko kwa sikio. Gracien, nisaidie. Piga kamba moja."

Safari hii nilipiga. Ilikohoa. Alizungusha unywele mmoja. Nikapiga, ikanyooka kidogo, ikakatika. Unywele mwingine. Nikapiga, na noti ikatoka, ikavuma, ikaenda, ikaendelea kwenda. Mama mmoja aliacha kutwanga. Watoto walisogea. Nilibana kamba ya pili, vidole vikaanza kutembea vyenyewe, na pale kwenye changarawe, kwa watu waliofukuzwa, nyuki alilia kama hajawahi kulia kwa Kabemba. Tshiela alipiga makofi. Nilipomwangalia baba yake, alikuwa anaangalia vidole vyangu.

"Juu ya nini hukuniambia, miaka yote?" nilimuuliza.

"Hukuniuliza. Mi nilizani unajua. Weye njo musicien." Akafuta jasho. "Na nikuambie kweli, ndugu yangu. Nilikuwa nasikia wivu. Kila siku ya yenga, kila Jumapili, nilikuwa nasimama inje ya baa yenu, nasikia bile bidole byako. Kama ningejua kupiga vile, ningekuwa natengeneza bisanduku?"

Ilinikasirisha. Naweza kukiri sasa: nilikasirika. Hata wivu alinishinda. Yeye aliubeba wivu wake akasimama nao nje ya baa, akasikiliza muziki, akaenda nyumbani kulala. Wangu ulivunja meza.

"Bale batoto ba fimbo," aliuliza huku akifunga kopo, "nani alibaonyesha meza yangu?"

Noti ya mwisho ilikuwa bado masikioni mwangu.

"Sijui," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. "Bile bikaratasi bibili," alisema, "transista yake ikae kwako. Cadeau, zawadi. Na usifunge hii kitufe, acha inje ya kasha. Leo kuko joto. Mwezi wa sita, baridi ikikuya, itabadilika. Zungusha doucement, polepole."

Treni ilikuja baada ya siku tatu. Sikwenda kuaga. Niliambiwa walipanda juu ya mabehewa kama magunia, na kwamba walifika Mwene-Ditu. Zaidi ya hapo sikusikia kitu, na sikutafuta wa kumuuliza.

Mwezi wa sita baridi ilikuja kama alivyosema. Nilikuwa fundi wa redio peke yangu katika upande ule wa soko. Miguu yote ya wateja ilikuja kwangu, haikuwa na kwingine kwa kwenda. Asubuhi moja, mikono imekufa ganzi, nilikiunga kisanduku kwenye redio ya mteja, nikapiga kamba moja. Kikakohoa. Nikazungusha kitufe unywele mmoja, nikangoja, nikasikiliza. Nikazungusha tena. Noti ikanyooka, ikajaza soko, na wauza mboga wakageuza shingo.

"Ah! Nyuki!" mtu alisema mbele yangu. Alikuwa amebeba redio kwapani, na kichwani alivaa kofia nyekundu ya sufu. Siku hiyo ilimfaa. Hakunikumbuka. Alitabasamu, akakigonga kisanduku kwa kidole, kwa adabu kabisa.

"Iyi kintu ni ya nani, tata?"

Nilikuwa nimekijenga kwa mikono yangu. Katika Kolwezi nzima hapakuwa na mtu wa kubisha. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lilelile moja, lilikuwa limengoja tangu mwaka wa tisini.

"Ni ya Ntambwe," nilisema.

"Ntambwe gani?"

Nililaza gitaa mezani, nikamwangalia machoni.

"Ule wa meza mulivunja. Ule mi nilikuonyesha."